Namba za Kweli, Mchoro wa Uongo



Swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu akichukua takwimu za kweli, asiongeze wala asipunguze hata moja, kisha akazichora kwa namna itakayomfanya mtazamaji aelewe kinyume cha yaliyotokea, je, amesema uongo? Wenzetu wanaosoma hesabu watasema hilo ni suala la ufundi. Mimi naona ni suala la amana.

Tuanze na ziwa, maana hapa Kajaga hakuna asiyelijua. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, Gatumba ikafurika na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na kile cha mwaka 1964 ambacho wazee wanakisimulia mpaka leo. Sasa chukua vipimo hivyo uvichore, mstari wa wima ukianzia sifuri, kama wengi tulivyofundishwa kwamba grafu ya haki huanzia sifuri. Kati ya miaka ya maji machache na miaka ya maji mengi tofauti ni mita mbili au tatu hivi. Katika mchoro wenye urefu wa sentimita 20, mita mbili ni nusu milimita tu. Mtazamaji ataona mstari ulionyooka kama rula, atasema ziwa limetulia. Na wakati huohuo kuna familia zimeacha nyumba, vitanda na mashamba ya mpunga chini ya maji, kwa sababu uwanda wa Rusizi ni tambarare na mita moja ya kimo huingia mbali sana nchi kavu. Sifuri ya bahari ya Hindi haimhusu mwenye nyumba. Kinachomhusu ni kizingiti cha mlango wake.

Kwa hiyo hapa aliyefuata kanuni ndiye aliyepotosha, na aliyeanzia mita 770 ndiye aliyesema kweli. Lakini geuza mambo. Chora nguzo mbili, moja ya watu 950 na nyingine ya watu 1000, uzianzishe kwenye 900: ya pili itaonekana ndefu mara mbili ya ya kwanza, ilhali tofauti ni watu 50. Kukata sifuri kulikookoa ukweli wa ziwa kunaua ukweli wa nguzo. Ndiyo maana siamini kwamba orodha ya kanuni za uchoraji itatutosha. Mchoraji hana budi kujiuliza mtu wa kawaida, asiyesoma takwimu, ataondoka na picha gani kichwani, na picha hiyo ndiyo atakayoulizwa.

Wanazuoni wetu wa hadithi walikuwa na neno kwa jambo hili: tadlis. Mpokezi mwenye kufanya tadlis si lazima awe mwongo. Anatumia tamko linalomfanya msikilizaji adhani amesikia moja kwa moja kwa shekhe fulani, kumbe katikati yupo mtu mwingine, pengine dhaifu, aliyeachwa kimya. Kila neno alilotamka linaweza kutetewa, ila msikilizaji kadanganyika. Neno hilohilo hutumika katika fiqhi ya biashara kwa muuzaji anayeficha kasoro ya bidhaa. Mnaikumbuka habari iliyomo katika Sahih Muslim ya Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua, na pengine ilikuwa mvua kweli. Hilo halikumwokoa. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione.

Mimi huisoma hadithi hiyo kama somo la kuchora. Ikiwa kuna miezi ambayo vipimo havikuchukuliwa, mstari usipite hapo kana kwamba vipo. Ukatwe, pengo lionekane. Kuandika maelezo kwa herufi za sisimizi chini ya karatasi ni kuweka kilicholowa chini ya lundo.

Na jamani, tusidhani wapotoshaji ni wengine tu. Sensa ya Burundi ya mwaka 2008 ilituweka Waislamu kwenye asilimia 2.5 hivi. Yapo makadirio mengine yanayofika asilimia 10 na zaidi, na hayo ndiyo tunayoyapenda kwenye mabango na kwenye makundi ya WhatsApp. Huenda sensa ilitupunja. Mtu ana haki ya kulisema hilo na kutoa hoja zake. Lakini kuchora duara lenye kipande kinono cha asilimia 12 bila kutaja kwamba ni makadirio, wala kwamba hesabu rasmi inasema vingine, ni tadlis, hata likichorwa kwa mapenzi ya dini. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inayotuamuru kuchunguza habari haikuachia mlango habari inayotufurahisha.

Kazi ngumu zaidi hata hivyo huwa kabla ya kuchora: kusafisha data. Fikiria orodha mbili za walioathirika na mafuriko, moja imeandikwa na msikiti, nyingine na viongozi wa mtaa. Kwenye moja yumo Juma Hamisi, kwenye nyingine Djuma Hamissi. Kompyuta itaona watu wawili. Kijana mwenye haraka atasema ni mmoja, ni tahajia ya Kifaransa tu, afute mstari. Pale Buyenzi peke yake, nina hakika ukiita Juma Hamisi watageuka wengi. Tena usitegemee jina la ukoo kukuonyesha kaya, kwani kwa mila ya Kirundi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hupewa kila mmoja jina lake.

Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, aliandika kitabu kizima, Mudhih Auham al-Jam' wat-Tafriq, kuhusu makosa ya aina mbili: kuwafanya wapokezi wawili kuwa mmoja, na kumfanya mmoja kuwa wawili. Hakumwonea haya hata Imam Bukhari. Makosa hayo mawili hayana uzito sawa kila mahali. Orodha ikiwa ya kugawia mchele, kumfuta mtu wa kweli ni kumnyima haki yake, na kumwacha mtu mara mbili ni kumpunguzia mwingine kibaba. Kanuni ya fiqhi kwamba yakini haivunjwi na shaka inaniegemeza upande wa kuacha majina yote mawili mpaka ithibitike. Orodha ikiwa ya kutangazwa gazetini, basi zitajwe hesabu zote mbili, kabla na baada ya kusafisha, na sababu za kila aliyefutwa zihifadhiwe ili mwingine aweze kuzikagua.

Na kabla ya kufuta, kuna njia isiyohitaji programu yoyote. Kila mstari una namba ya simu au jina la avenyu. Mtu apige, au aende akaulize.