Shahidi wa Saumu

Mwezi wa Shaabani ufikapo siku ya 29, watu wa pwani hutazama upande wa magharibi baada ya jua kuchwa. Mwezi ukiandama, kesho yake ni Ramadhani. Usipoandama, Shaabani hutimizwa siku 30. Karamu za vunjajungu zimekwisha kuliwa. Usiku wa kwanza misikiti hujaa watu wa tarawehe, na kabla ya alfajiri nyumba huamka kula daku. Kukipambazuka mji huwa umebadilika: migahawa imefungwa, baraza za kahawa zi kimya, na mwenye kiu hupita penye mfereji wa maji asiiname.

Umoja huu hupendeza machoni, lakini huzaa swali zito. Ni nani mlinzi wa saumu: jicho la jirani au moyo wa mfungaji?

Ibada nyingine zina umbo. Sala huonekana katika kurukuu na kusujudu. Zaka hutoka mkono mmoja ikaingia katika mwingine. Hija ina safari na mavazi yake. Saumu ni kuacha, na kuacha hakuna umbo. Mfungaji na asiyefunga huweza kuketi baraza moja, wote wawili midomo imewakauka, na tofauti yao ikawa bilauri moja ya maji iliyonywewa nyuma ya mlango.

Sheria yenyewe huipeleka saumu moyoni. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, saumu ya Ramadhani hutiwa nia kila usiku, na mahali pa nia ni moyo. Aliyeshinda na njaa mchana kutwa bila ya nia hana saumu, hata kama tumbo lake lilikuwa tupu kuliko matumbo yote ya mtaa. Aliyekula kwa kusahau, saumu yake haikuvunjika, hata kama mtaa mzima ulimwona akitafuna. Basi njaa peke yake si saumu, wala tonge peke yake si kuvunja saumu.

Hata hivyo, mji hupenda kulinda kinachoonekana. Unguja, mwezi wa Machi 2024, polisi waliwakamata watu kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Wanaotetea ulinzi wa namna hii wana hoja. Nafsi ni dhaifu, husema, na harufu ya chakula njiani humwonea mwenye njaa. Heshima ya wengi yataka mmoja ajizuie. Hoja hii haistahili kudharauliwa, kwa kuwa desturi njema ni ua wa shamba. Lakini ua huzuia mbuzi tu, hauoteshi mpunga. Anayefunga kwa kuogopa jirani atafungua pale jirani asipokuwapo.

Tena ua uliojengwa kwa hofu huwachoma wasio na hatia. Dini imemruhusu mgonjwa kula, na msafiri, na mama anyonyeshaye akichelea afya yake au ya mtoto. Watalipa siku zao baadaye. Mzee asiyeweza tena kufunga hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Ruhusa hii ni rehema. Je, rehema gani hiyo ikiwa mwenye kupewa hulazimika kuitumia kwa kujificha kama mwizi? Mwenye maradhi ya sukari aonaye haya kunywa maji mbele za watu huweza kujidhuru kwa sababu ya macho ya watu, si kwa amri ya Mungu. Na asiye Mwislamu hakutia nia yoyote. Kumnyima chakula si kumfungisha, ni kumtia njaa.

Zaidi ya hayo, jicho la jirani huona kinywa tu, mizani halioni. Siku za mwanzo za Ramadhani bei ya muhogo, ndizi mbichi na tende hupanda sokoni, kwa kuwa kila nyumba yataka futari. Yuko mwuzaji ambaye kinywa chake kimefunga na ratili yake inakula. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa saumu daraja tatu: ya chini ni ya tumbo na tamaa ya mwili, ya pili hufunga pia macho, ulimi, masikio, mikono na miguu, ya juu hufunga moyo usielekee kwa mwingine ila Mungu. Ulinzi wa mtaa huishia katika daraja ya kwanza, na hata hiyo hauifikishi nyuma ya mlango.

Kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11, na kwa miaka kama 33 huzunguka majira yote, kaskazi na kusi, masika na kiangazi. Hali ya hewa hubadilika. Shahidi wa saumu habadiliki. Mtu wa pwani aishiye London hufunga miongoni mwa wanaokula, na katika Juni mchana wake huwa mrefu kupita ule wa nyumbani. Hakuna wa kumwonea haya, na saumu yake haipungui kwa hilo.

Jicho la jirani, basi, lina kazi bora kuliko kuchungulia vinywa mchana. Litazame jua likichwa, lione ni jiko gani halikuwashwa, na sahani ya futari ipelekwe huko.