Muhula kwa Mwenye Dhiki

Nchini Marekani, Bunge lisipoidhinisha fedha za matumizi, idara nyingi za serikali hufungwa. Tangu tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, siku 35, watumishi wapatao 800,000 walikosa mishahara: wengine walirudishwa nyumbani, wengine wakaamriwa kufanya kazi bila malipo. Sheria ya Januari 2019 iliagiza kwamba baadaye walipwe yote. Lakini tumbo la mtoto halingoji sheria.

Basi aliyepatwa na hali hiyo afanye nini? Kwanza, asinyamaze. Amwandikie mwenye nyumba na wadai wake kabla siku ya kulipa haijapita, aombe muhula. Pili, aliyerudishwa nyumbani aweza kuomba posho ya wasio na kazi katika jimbo lake, ila airejeshe apatapo malimbikizo. Tatu, vipo vyama vya kuweka na kukopa vilivyowakopesha watumishi bila riba. Na Januari 2019 mpishi José Andrés alifungua jiko mjini Washington, wakala bure. Kula pale si fedheha. Fedheha ni kuwaacha watoto na njaa kwa ajili ya kiburi.

Na wewe unayedai, je? Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, yakuagiza umngojee mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni heri zaidi. Mwenye haja ana wajibu wa kusema kweli. Mwenye nafasi ana wajibu wa kumsikia. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasikivu. Amina.