Mahali pa Sala Katika Shule

Injili ya Marko, sura ya kwanza, yasimulia kwamba Bwana Yezu aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda mahali pasipo watu, akasali huko. Katika Kafarnaumu wagonjwa walikuwa wengi, na wanafunzi wake wakamtafuta huku na huku. Lakini Yeye, aliye Mwana wa Mungu, alitafuta kwanza mahali pa utulivu. Tena katika Mateo, sura ya sita, afundisha kwamba anayetaka kusali aingie chumbani mwake na kufunga mlango, kwa kuwa Baba huyaona yaliyo sirini.

Basi, mtoto wa shule ana chumba gani? Nyumbani hulala pamoja na ndugu zake katika chumba kimoja. Njiani kuna kelele za soko. Darasani hubanana na wenzake juu ya benchi moja. Hana mlango wa kufunga. Ndiyo sababu shule ya misioni yapaswa kumtengenezea mahali ambapo roho yake yaweza kukutana na Baba peke yake.

Mahali hapo patengenezwe namna gani? Kama shule ina chumba kitupu, ni vema. Kama haina, pembe moja ya darasa yatosha: mkeka safi, meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba ukutani, sanamu ya Bikira Maria, na Biblia iliyofunguliwa penye Injili ya Dominika. Watoto walete maua kwa zamu na kufagia wenyewe, maana mtu hupenda pahali alipopafanyia kazi. Mshumaa usiwashwe pasipo mwalimu, hasa chini ya paa la nyasi. Sakramenti Takatifu haiwekwi pale pasipo ruhusa ya Askofu. Kwa hiyo watoto wafundishwe kwamba pembe hiyo ni njia ya kuwapeleka kanisani, wala haishiki nafasi ya kanisa.

Walakini, mkeka na kitambaa ni kazi ya asubuhi moja tu. Kazi kubwa ni kulinda mambo matatu.

Kwanza, mahali pa sala pasiwe kamwe mahali pa adhabu. Kuna walimu ambao, mtoto akichelewa au akisema uongo, humpigisha magoti mbele ya msalaba saa nzima. Kosa hili si dogo. Mtoto huyo atajifunza kwamba msalaba ni ndugu ya fimbo. Naye akiisha kukua na kutoka chini ya mkono wa mwalimu, atavikimbia vyote viwili pamoja. Mwenye kosa na apewe adhabu mahali pengine. Pale penye msalaba apate msamaha.

Pili, mtu asilazimishwe. Katika shule za misioni husoma pia watoto wa Waprotestanti, wa Wakimbangu na wa Waislamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Mlango uwe wazi kwa wote, lakini asiwepo wa kuvutwa kwa mkono.

Tatu, kimya kiwe kifupi, tena kiwe cha kweli. Mtoto mdogo hawezi kunyamaza nusu saa. Dakika tano zamtosha. Mwalimu asome maneno machache ya Injili, aulize swali moja, kisha anyamaze, yeye pia. Mzee Eli hakujibu kwa niaba ya mtoto Samweli. Alimfundisha namna ya kuitika, akamwacha arudi kulala mahali pake, naye Bwana akasema na mtoto. Mwalimu anayesema daima hampi Mungu nafasi ya kusema.

Labda mtu atauliza: Yafaa nini haya yote, maadamu vitabu na madawati hayatoshi? Historia ya nchi hii yajibu. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule za misioni na kufuta masomo ya dini. Misalaba ikaondolewa ukutani. Ni kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 Eklezia alipokabidhiwa tena uongozi wa shule zake. Katika miaka ile, mtoto aliyezoea kuutazama msalaba tu alibaki na ukuta mtupu. Bali yule aliyezoea kusali, hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Mwenye heri Izidori Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, alikatazwa na bwana wake wa kazi kuwafundisha wenzake sala. Akapigwa vikali kwa ajili ya skapulari yake, akafa mwaka 1909 akimsamehe aliyempiga. Mwenye heri Anuarite, aliyekuwa mwalimu wa watoto kule Bafwabaka, alipochukuliwa na waasi mwaka 1964 alitia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba, na baadaye sanamu ile ilisaidia kuutambua mwili wake. Mahali pa sala palikuwa pamehamia ndani yao.

Na leo, katika Kivu na Ituri, huketi darasani watoto waliokimbia vita, na wengine wamezika wazazi. Huandika hesabu kama wenzao, na machozi yao hayana pahali pa kudondoka. Mtoto wa namna hiyo akipata mkeka, kimya, na mwalimu asiyemuuliza neno, amepata mahali pa kumwambia Mungu yale asiyoweza kumwambia mtu.

Kwa hiyo, enyi walimu, msingoje fedha wala fundi. Tafuteni pembe moja, ifagieni, nanyi muwe wa kwanza kupiga magoti humo, hata siku ambayo hakuna mtoto anayewatazama. Mama Bikira Maria awaombee ninyi na watoto wote mliokabidhiwa.