Mvumo na Mwenye Sauti

Muziki wa ambienti mara nyingi husimama juu ya mvumo: sauti moja ndefu ya nyuzi au ya sintesaiza, inayoshikiliwa kwa dakika nyingi bila kubadilika sana. Juu ya mvumo huo wakati mwingine huwekwa midundo ya tabla au darbuka, pamoja na sauti za watu zilizokatwa kutoka kwenye santuri za zamani. Brian Eno, alipotoa albamu ya Music for Airports mwaka 1978, alieleza kuwa muziki wa namna hii umfae anayeusikiliza kwa makini na asiyeujali pia. Maana hiyo inatosha. Swali zito ni jingine: mtu anayetiwa ndani ya muziki ambao msikilizaji ameruhusiwa kutoujali, je, amedhulumiwa?

Kisa kinacholifanya swali hili liume kinajulikana. Karibu na mwaka 1970, mtafiti Hugo Zemp alimrekodi Afunakwa, mwanamke wa kisiwa cha Malaita katika Visiwa vya Solomon, akiimba wimbo wa kubembelezea mtoto. Mwaka 1992 kundi la Deep Forest la Ufaransa liliipandisha sauti hiyo juu ya sintesaiza na midundo ya mashine, likauita wimbo wake Sweet Lullaby. Wimbo ulivuma dunia nzima. Jina la Afunakwa halikutajwa.

Kila kisa hiki kinapojadiliwa, huibuka mtetezi akasema kwamba sauti ni kama upepo, haina mwenyewe. Hoja hii inaudhi kwa sababu hata wanaoitoa hawaiamini. Kazi ikishakamilika studio, upepo huo hupata mwenyewe mara moja: jina huandikwa kwenye jalada, hakimiliki husajiliwa, mirabaha hukusanywa. Kumbe sauti haina mwenyewe ikiwa bado kinywani mwa mwanamke wa Malaita tu.

Hujibiwa kwamba hakupoteza kitu, kwani wimbo wake alibaki nao. Lakini kuimba si kutikisa hewa tu. Ni mtu fulani kumwimbia mtu fulani, mahali fulani. Hicho ndicho kilichopotea, na hasara yake inaonekana. Mwaka 1996 mpiga saksofoni Jan Garbarek wa Norwei alitoa rekodi ya melodia hiyohiyo akaiita Pygmy Lullaby, akiamini imetoka Afrika ya Kati. Wimbo wa Pasifiki ulikuwa umehamishiwa bara jingine, na hakukuwa na jina la kuurudisha kwao.

Wengine husema sauti ile ilikuwa rangi tu ya muziki. Kama ni rangi tu, mwimbaji yeyote wa Paris angetosha. Iliyotafutwa ni sauti ya Afunakwa hasa, pumzi yake na lafudhi yake. Thamani ilichukuliwa kwake, kisha ikakanwa kuwa ni yake.

Zipo hoja za haki zaidi. Wimbo ule ulikuwa wa mapokeo, haukutungwa na Afunakwa. Na kuazima sauti za mbali si kudhulumu kila mara: Bryn Jones wa Manchester, aliyejiita Muslimgauze, alitumia midundo ya Mashariki ya Kati kuitetea Palestina kwa miaka mingi bila kufika huko.

Tambura ya India, ala inayotoa mvumo nyuma ya mwimbaji, inastahili nafasi yake hapa. Kwa kawaida ina nyuzi nne, zinazoguswa moja baada ya nyingine bila kukoma. Kati ya kila uzi na daraja hupitishwa kijiuzi chembamba cha pamba au hariri. Kikisogezwa kidogo tu, sauti kavu hufunguka ikawa mvumo wenye noti nyingi ndani yake. Mwimbaji Pandit Pran Nath wa India alipofika Marekani mwaka 1970, mtunzi La Monte Young akawa mwanafunzi wake na akampigia tambura. Mpigaji huketi nyuma ya mwimbaji, na mara nyingi hakuna amtazamaye. Hata hivyo amekuja mwenyewe, anajua anamsindikiza nani, na mwimbaji akimkosa hana pa kusimama.

Basi kuwa nyuma si dhuluma yenyewe. Pengine dhuluma iko katika kuwekwa nyuma bila kuulizwa. Lakini Afunakwa angeulizwa nini, yeye aliyemwimbia mtafiti mmoja na kinasa sauti chake? Na wimbo wa mapokeo ukiwa wa ukoo mzima, ridhaa ya mmoja ingetosha? Katika albamu ya My Life in the Bush of Ghosts ya Eno na David Byrne, mwaka 1981, mwimbaji Dunya Yunis wa Lebanoni alitajwa kwa jina. Lakini kutajwa na kuombwa ruhusa ni mambo mawili, na lipi kati yake linalomrudishia mtu sauti yake bado halijaamuliwa.