Umekuja Kutembea au Una Jambo?



Likizo hii nimepanda baiskeli kutoka Babati mjini hadi Kondoa na kurudi, kuwasalimia ndugu. Kwenda tu ni karibu kilomita 100, na safari nzima ilinichukua siku sita, kwa sababu ukoo wetu umetawanyika kandokando ya barabara ile na kuna nyumba ambazo huwezi kuzipita bila kunywa chai. Baiskeli yenyewe si yangu. Ni Phoenix ya katekista wetu, ya siku nyingi, breki za vyuma, keria ya kubeba gunia.

Shangazi yangu wa Bonga aliponiona nashuka alishika kichwa. "Frateri mzima unapanda baiskeli kama muuza mkaa! Watu watasema tumekosa nauli." Nikamweleza kwamba nimeamua mwenyewe, nataka kumwona kila mtu. Akacheka. "Si ungepiga simu tu?"

Swali la shangazi lilinifuata kwenye mlima wote wa kupandia Bereko, ambako kusema kweli niliisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda. Kwa nini nisipige simu? Sisi vijana ndivyo tunavyoishi na ndugu siku hizi. Bibi anaumwa, unamtumia elfu kumi na ya kutolea, unapiga dakika mbili, umemaliza. Na wala si vibaya, bibi dawa anapata. Lakini ukiwa kwenye basi au kwenye simu, wewe ndiye unayechagua nani umkumbuke. Basi la Dodoma linapita Bereko huku umelala. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018 ndiyo kabisa, unafumbua macho uko Kondoa. Kwenye baiskeli huna ujanja huo. Unapita mlango kwa mlango, polepole, na watu wanakuona unapita.

Mimi nilikuwa na mlango mmoja niliopanga kuupita.

Ukishuka kuelekea Kondoa kuna mahali unaacha lami, unaingia barabara ya vumbi ya kwenda Haubi. Huko anaishi babu yangu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba. Siku ya kwenda nilifika njia panda ile saa nane mchana. Jua kali, maji yamebaki robo chupa. Nikajisemea muda umekwenda, nitamwona safari nyingine. Nikakanyaga pedeli hadi Kondoa. Muda haukuwa umekwenda. Wanafalsafa wana maneno mengi ya kueleza mtu anavyojidanganya, ila pale njia panda sikuhitaji hata neno moja, nilikuwa najua.

Inabidi nieleze kidogo. Ardhi ya Haubi na vilima vya jirani ilikuwa imeliwa na maji hadi makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wazee wanauita HADO, na mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lile ili ardhi ipumzike. Ukienda leo utaona miti imerudi, kwa hiyo siwezi kusema uamuzi ulikuwa wa bure. Lakini fikiria familia yenye zizi moja na ndugu wawili. Babu yangu, aliyekuwa mkubwa, aliswaga ng'ombe kuja upande wa Babati. Mdogo wake alibaki kulinda shamba na kaburi la baba yao. Walikubaliana kwamba mambo yakitulia watagawana. Hawakugawana. Babu alifariki, ng'ombe wakazaana, wengine wakafa, wengine wakauzwa, na katika waliouzwa wapo walionilipia karo ya seminari ndogo. Nyumbani hatuliongelei. Baba akisikia Haubi inatajwa huwa anatoka kwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Sasa niwaambie nilivyokuwa nimeanza safari. Nilikuwa na hoja nzuri kichwani, ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Yeye heshima tunayowapa wazazi, ndugu na nchi yetu anaiweka chini ya haki, kwa sababu ni deni. Hatuwapendi ndugu kwa hisani yetu, tunadaiwa. Ila ni deni la aina yake, huwezi kulimaliza, maana huwezi kumrudishia mama uhai aliokupa. Aristotle naye aliliona hilo kwa mtoto na baba yake. Nikaona basi, kutembelea ndugu ndiyo namna ya kulipa deni lisilolipika: unapeleka mwili wako, unakaa kwenye kigoda, unakula walichonacho. Bikira Maria hakumtumia Elizabeti salamu, alipanda milima mwenyewe na akakaa huko kama miezi mitatu. Hoja hii bado naikubali. Tatizo ni kwamba ilinistarehesha mno.

Kwa sababu yapo madeni mengine ambayo yanalipika. Yana idadi. Yana pembe na mikia. Na mtu anaweza kutumia deni lisilohesabika kujificha asihesabu lile linalohesabika. Anasema, mimi nawapenda wote, nimekuja kuwaona, huku akiomba moyoni ng'ombe wasitajwe.

Najua mtasema mimi nilikuwa sijazaliwa mwaka 1979. Ni kweli, na usiku ule Kondoa nilijitetea hivyo hivyo. Lakini Tomaso huyohuyo, anapoongelea kurudisha mali, anafundisha kwamba aliye na kitu cha mwenzake anapaswa kukirudisha hata kama hakukiiba yeye. Haya, nirudishe nini? Ng'ombe wamekuwa karo, karo imekuwa shahada ya falsafa. Nimpelekee babu nusu ya Aristotle? Halafu upo upande wa pili, na si haki kuuficha. Babu yangu alihangaika na wanyama wale miaka mingi, na mdogo wake alibaki na shamba lote peke yake. Huenda ukipiga hesabu vizuri wanatoka sare. Mimi sijui, na hakuna anayejua, kwa sababu tangu 1979 hakuna aliyekaa chini kuipiga.

Kilichonigeuza ni lile fundisho la Bwana juu ya mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Nimelisikia tangu utotoni, na siku zote nilidhani linamhusu mwenye kosa. Lisome tena Mathayo 5. Haisemwi nani ana kosa. Inatosha kwamba ndugu yako ana neno juu yako na wewe umekumbuka. Aiache sadaka, aende kwanza. Na mimi, Mungu akipenda, ni altareni ninakoelekea maisha yangu yote.

Siku ya kurudi nikakata kona kuingia Haubi.

Njiani nilipata pancha, nikaiziba na kijana mmoja aliyekuwa na pampu, akakataa hela. Nilipofika babu alikuwa nyuma ya nyumba anamkatia majani ng'ombe wake mmoja wa maziwa, maana baadaye watu waliruhusiwa kufuga kwa kulishia ndani. Ng'ombe mmoja. Nikasema shikamoo babu, nikajitambulisha kwa jina la babu yangu. Akasimama kidogo na panga mkononi. "Marahaba, mjukuu wangu." Akanitazama, akaitazama baiskeli. "Umekuja kutembea au una jambo?"

Ni swali la kawaida, kila mzee huliuliza. Mgeni wa kutembea anakaribishwa, anakula. Mgeni mwenye jambo anapewa kwanza nafasi ya kulisema, wazee wengine wanaitwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikajibu, "Nimekuja kutembea tu, babu."

Nimelifikiria sana jibu lile. Kuna wakati najitetea kwamba halikuwa uongo: mimi ni mtoto katika jambo lile, baba yangu yu hai, siwezi kuruka kichwa chake nikaanza kugawa mali ya ukoo. Hiyo ni adabu, nayo ina uzito. Kuna wakati naona ni woga uliovaa kanzu ya adabu. Kila Misa tunaungama pia kutotimiza wajibu, na mimi nilikuwa napita haraka hapo kwenye maneno hayo, nadhani ni kwa ajili ya watu wavivu.

Tulikula ugali na maziwa ya mgando. Babu aliniuliza habari za seminari, akataka kujua kama ni kweli tunasoma Kilatini. Akanipeleka kwenye kaburi la baba yao, tukasali. Pale kaburini alisema kitu kimoja tu: "Kaka yangu alikuwa anajua kuchunga." Hakuongeza neno. Asubuhi alinifungia jogoo kwenye keria, miguu kaifunga kwa mpira wa tyubu, akasema msalimie baba yako.

Kwa hiyo nimetoka kwa mtu ninayemdai radhi nikiwa nimebeba jogoo wake. Aliwika njia nzima, na pale Bonga shangazi akaona sasa kweli nimekuwa mfanyabiashara.

Nilifika Babati jioni, viboko wanakoroma ziwani. Baba akamtazama jogoo. "Huyu wa wapi?"

"Wa Haubi."

Akakaa kimya. "Aliuliza habari za ng'ombe?"

"Hakuuliza."

Nilitegemea atoke kwenda kuangalia banda. Hakutoka. Alimfungua jogoo kamba yeye mwenyewe, akamwagia mtama. Juzi, baada ya rozari, akaniuliza kama kuna basi la asubuhi linaloshusha watu pale njia panda ya Haubi, maana yeye baiskeli hapandi. Nimemwambia lipo. Katekista amekubali kuniazima tena, nitatangulia siku moja kumwambia babu kwamba safari hii tuna jambo.