Karamu na Hesabu ya Viti

Furaha ya mtu mmoja ni kitu kichanga; haisimami mpaka ishikwe mkono na watu wengine. Kwa sababu hiyo mtoto akizaliwa hupikwa, akioa hupikwa, akirudi safari hupikwa, na akihitimu masomo hupikwa vile vile. Walakini katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki umezuka mtindo mwingine. Jamaa hawawashi moto. Huvaa nguo zao njema, wakaenda kula katika hoteli ya fahari, mahali penye vitambaa vyeupe vya meza, taa hafifu, na wahudumu wanaotembea bila kishindo. Wako wanaoulaumu mtindo huu kuwa ni majivuno, na wako wanaousifu kuwa ni ustaarabu. Lawama hiyo ni nyepesi, na sifa hiyo ni nyepesi. Swali lililo zito ni hili: karamu ni ya nani, na nani ana haki ya kuketi?

Yafaa swali hili litazamwe ndani ya nyumba moja. Na iwe nyumba ya mjane wa Magomeni, Dar es Salaam, ambaye mwanawe wa kwanza amepata shahada na kazi. Kwa mshahara wake wa kwanza kijana ataka kumfurahisha mama yake. Amechagua hoteli ya ufukweni, na ameagiza meza ya watu sita. Mama ana hesabu nyingine moyoni. Yuko mjomba wa Tanga aliyeuza mbuzi wake ili ada ya shule ilipwe. Yuko jirani muuza maandazi, ambaye kwa miaka mingi hakumwacha mtoto yule apite mlangoni pake asubuhi na tumbo tupu. Yuko mwalimu mstaafu aliyemfundisha hesabu jioni bila kutaka senti. Mama akiendelea hivi hufika watu arobaini, na watoto hajawagusa. Kijana asema, “Mama, kule kila kichwa kina bei yake.” Mama ajibu, “Mwanangu, waliokulea hawakukuhesabia.”

Kuhesabu vichwa si kosa la mwenye hoteli; ni asili ya kazi yake. Mkahawa wa namna hii ulizaliwa Paris katika karne ya 18, na jina lake la Kifaransa lilikuwa kwanza jina la mchuzi wa kumrudishia mtu nguvu. Kabla yake msafiri alikula katika nyumba ya wageni, kwenye meza moja na watu asiowajua, kwa saa iliyowekwa, chakula kilichopo. Mkahawa ulileta meza ya peke yake, orodha ya vyakula, na bei mbele ya kila chakula. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1789 mikahawa hiyo ilizidi kuongezeka mjini. Brillat-Savarin, aliyetoa kitabu chake juu ya ladha mwaka 1825, aliisifu kwa kuwa mlaji hula saa aipendayo, na hujua mapema kiasi cha fedha kitakachomtoka. Hiyo ni faida ya kweli, hasa kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Lakini ni faida ya mteja, na mwenye karamu si mteja.

Chungu cha nyumbani hakijui hesabu hiyo. Sinia la watu wanne hukaliwa na watano, na wa sita akitokea magoti husogezwa. Apitaye njiani huitwa. Mchuzi huongezwa maji kidogo, na hapana aulizaye sababu. Neno karibu husemwa na mlinzi wa hoteli pia, tena kwa adabu nzuri kuliko ya watu wengi majumbani; ila karibu yake hukoma pale mfuko wa mgeni unapokoma.

Hata hivi haifai kuisifu karamu ya nyumbani bila kuingia jikoni mwake, na wengi wanaoisifu ni wanaume ambao hawakuingia. Karamu ya watu arobaini huanza jana yake. Mchele huchambuliwa, nazi hukunwa mpaka mkono ukafa ganzi, vitunguu humenywa kwa machozi, moto huchochewa kabla ya alfajiri. Wageni wakifika mpishi ananuka moshi. Wakisifu pilau, sifa humfikia jikoni kwa sauti ya mtu anayeomba nyama iongezwe. Yeye hula mwisho, mara nyingi ukoko, akiwa amesimama. Kisha masinia yamngojea. Mjane yule akifanyiwa karamu nyumbani kwake, yumkini ndiye atakayeosha vyombo vya sherehe iliyofanywa kwa ajili yake. Kijana ameliona jambo hilo tangu utotoni. Ataka kumwona mama yake ameketi, sahani ikawekwa mbele yake na mkono usiokuwa wake. Anayeyaita matakwa hayo majivuno hana macho.

Mkono huo usiokuwa wake ni wa mtoto wa mama mwingine, atakayeondoka usiku wa manane akitafuta daladala. Taabu haikufutwa, imehamishwa. Lakini imehamia mahali inapolipwa ujira, na pengine bakshishi juu yake. Nyumbani taabu ile ile huitwa mapenzi, na kwa jina hilo zuri hukaa bila malipo maisha yote. Katika jambo hili hoteli ina uadilifu ambao nyumba nyingi hazina.

Tena liko jambo la historia. Hoteli kubwa za ukoloni, kama Norfolk ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1904, zilijengwa kwa ajili ya Wazungu; Mwafrika aliingia kupika, kufua na kubeba mizigo. Katika familia nyingi yuko babu aliyezijua meza zile kwa kuzifuta tu. Mjukuu wake akimketisha mama yake kwenye meza kama zile, ananunua zaidi ya chakula, na si haki kumcheka.

Lakini mama afunguapo orodha ya vyakula, macho yake hayaoni samaki wala nyama; yaona bei. Sahani hii ni ada ya mwezi ya mdogo wako. Glasi ile ya maji ya matunda ni mkate wa siku tatu. Huchagua kilicho cha chini kabisa, akasema hana njaa. Mikahawa mingine ya Ulaya ilikuwa na desturi ya kumpa mgeni orodha isiyo na bei, ili gharama ijulikane na mlipaji peke yake. Waliobuni desturi hiyo walijua jambo ambalo kila mwenyeji wa pwani alijua: mgeni haonyeshwi risiti ya mbuzi.

Hapana budi kukiri kwamba hesabu ya vichwa haikuletwa na hoteli peke yake. Arusi za Dar es Salaam zina kamati na michango, na aliyechanga kidogo hupewa kadi ya kuingia mtu mmoja, aliyechanga zaidi kadi ya watu wawili. Karamu hizo hufanywa na watu wale wale wanaolalamika kwamba vijana wamepotea.

Kwa hiyo kijana ana madeni mawili. Kwa mama yake anadaiwa pumziko na heshima. Kwa wale arobaini anadaiwa kuitwa. Deni la kwanza laweza kulipwa ufukweni, na ni vema lilipwe. Lakini likilipwa huko liitwe zawadi kwa mama, lisiitwe karamu ya shahada. Maana siku hizi picha husafiri kwa simu. Kabla wali haujapoa mjomba wa Tanga ameiona meza, amewahesabu watu sita, na amejua kwamba yeye si wa saba. Hatasema neno. Atatuma pongezi, na mwaka ujao mdogo wa kijana akihitaji ada atatoa tena; lakini atatoa kama mtu anayelipa kodi.

Na fedha ikitosha jambo moja tu? Hapo yafaa chungu kitangulie, kwa sharti lililo gumu kuliko linavyosikika: mama asipike. Gharama ya watu sita katika hoteli ya namna ile yaweza kununua mbuzi, mchele na nazi, na kumlipa mpishi wa kukodi pamoja na mwenye kuosha vyombo. Kijana mwenyewe akamate birika awanawishe wageni mikono. Mama aketi mkekani, katikati, kwa nguo aliyokusudia kuivaa hotelini, mjomba kuumeni kwake na muuza maandazi kushotoni. Atainuka mara mbili tatu kuelekea jikoni, kwa mazoea, na kila mara arudishwe. Na kazi ikiisha, mpishi naye ateremshiwe sinia lake, apishwe nafasi mkekani.