Tiketi ya Kupanda Isiyo na Kituo cha Kushuka

Meli kubwa za kitalii zinapotia nanga katika bandari za dunia, abiria wake huwa na saa nane au kumi za kukaa nchi kavu kabla honi haijawaita warudi. Kwa ajili yao miji mingi imeweka basi la ghorofa, juu wazi, linalozunguka njia ileile tangu asubuhi hadi jioni. Mgeni hukata tiketi moja, hupanda anapotaka, huteremka anapotaka, na basi la nyuma humchukua pale alipoachwa na la mbele. Watu wanaojihesabu kuwa wasafiri wa kweli huwadharau abiria wa basi hilo. Huo, wanasema, ni kupepesa macho tu, na mji haujulikani kwa kupepesa macho. Nadhani dharau hiyo imeelekezwa pasipostahili. Jambo la thamani katika tiketi ile ni ruhusa ya kushuka. Mtu aliyekuwa ameketi juu ya basi akisikiliza sauti iliyorekodiwa, akaona uchochoro unaoingia sokoni na akateremka, amefanya tendo dogo la uhuru. Ameiacha ratiba ya mwingine, na sasa yuko mahali ambapo anaweza kusalimiwa, kuulizwa anatoka wapi, kubishana bei, hata kupotea njia. Dakika arobaini za namna hiyo ninaziheshimu.

Mkoa wa Mara hauna bahari wala gati la meli hizo. Lakini wageni wa saa chache tunao, na wengi. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapofika kaskazini mwa Serengeti, ndege ndogo hutua Kogatende, kiwanja cha vumbi karibu na Mto Mara, zikileta watu kutoka Arusha na Zanzibar. Wengi wao hulala usiku mmoja, miwili au mitatu. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo kila saa ina bei yake na hakuna anayetaka kuipoteza. Gari huwapokea kiwanjani, huwafikisha kambini, na alfajiri huwapeleka mtoni, ambako sehemu wanakovukia nyumbu zimepewa namba kama njia za daladala. Redio ya dereva ikisema kundi limekusanyika namba fulani, gari hugeuka mbio. Nyumbu wakisita, redio huita upande mwingine. Siku ya pili au ya tatu wageni hurudi kiwanjani na kuruka. Ng'ambo ya mto ni Lamai, na baada ya Lamai ni vijiji vya Tarime. Kusini-magharibi ni Mugumu, makao makuu ya wilaya. Mgeni huyo anaweza kumaliza ziara nzima bila kujua kwamba Serengeti ni jina la wilaya pia, yenye madiwani, shule, hospitali na siku za mnada. Amekata tiketi ya kupanda, na katika njia yote hakuwekewa kituo hata kimoja cha kushuka penye watu.

Simlaumu kwa ufupi wa siku zake. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikubali kwamba ugeni halali unaweza kuwa mfupi, na katika siku hizo mbili hawakumdai mgeni chochote isipokuwa kuwepo. Tunaoukumbuka msemo huo kwa ajili ya lile jembe la siku ya tatu tunasahau kitu kilichodhaniwa tangu mwanzo wake, kwamba mgeni amefikia nyumbani kwa mtu. Ana mwenyeji. Kuna aliyemkaribisha, aliyemtandikia, aliyemuuliza habari za atokako. Mgeni wa Kogatende anahudumiwa vizuri na wafanyakazi hodari wa kambi, wengi wao Watanzania, na kazi yao naiheshimu, lakini mhudumu na mwenyeji ni watu wawili tofauti. Siku zake mbili zinakwisha kabla hajapata wa kumpa jembe.

Miji ya bandari nayo ina tatizo la wageni wa saa chache, ila lao limekaa kinyume na letu. Mwaka 2021 Italia ilizizuia meli kubwa kupita katikati ya Venice, na mwaka 2024 mji huo ukaanza kuwatoza euro 5, kwa siku maalumu, wanaoingia na kutoka bila kulala. Venice imeelemewa kwa sababu kila mtu anashuka pale pale. Kwetu wanashuka karibu wote porini na karibu hakuna anayeshuka kijijini. Kwa hiyo ninaposikia ikipendekezwa kwamba nasi tuwabane wageni wa muda mfupi, au tuwachague wale tu wenye wiki mbili, naona tunaazima dawa ya ugonjwa usiokuwa wetu.

Ugonjwa wetu ni wa macho, na asili yake ni ya zamani. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hiyo ilitokana na vyombo vya baharini, lakini sijaona mahali inapofaa zaidi kuliko Serengeti, nchi inayoelea machoni mwa dunia kana kwamba haikuwahi kuwa na fundi. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu ya Serengeti darf nicht sterben (Serengeti Haipaswi Kufa), iliyopata tuzo ya Oscar. Yeye na mwanawe Michael walikuwa wakiwahesabu wanyama kutoka angani, ndani ya ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, na Januari mwaka huo Michael alifariki dunia ndege hiyo ilipoanguka. Kazi yao iliamsha huruma ya dunia nzima, na deni hilo tunalo hadi leo. Hata hivyo, ukiwa juu vile unaona makundi na nyasi. Huoni jina la kilima, huoni kaburi, huoni mahali palipokuwa na zizi. Kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951, Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Watatoga waliishi, waliwinda, walichunga na kuchoma nyasi katika Serengeti ya magharibi, na moto wao pamoja na mifugo yao ni sehemu ya sababu mbuga zimekuwa mbuga. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameeleza jinsi wazee wa Mara wanavyoitunza historia yao kwa majina ya mahali, na baadhi ya mahali hapo sasa pamo ndani ya mipaka ya hifadhi. Jicho la ndege ndilo tulilomrithisha mtalii. Anaketi garini, lakini anatazama kama aliye angani.

Ya leo nayo yanampita. Tembo anayepigwa picha saa nne asubuhi anaweza kuwa ndiye aliyekuwa ndani ya shamba la mahindi usiku uliotangulia, huku vijana wakimulika tochi na kupiga mabati ili aondoke. Serikali ina viwango vya malipo kwa madhara ya namna hiyo: mazao yakiliwa hulipwa kifuta jasho, mtu akijeruhiwa au kuuawa hulipwa kifuta machozi. Sijui lugha nyingine ambayo sheria yake imejiita kwa uaminifu kiasi hicho. Majina hayo hayajidai kuwa fidia. Yanakiri kwamba jasho lilimwagika na chozi lilidondoka, na kwamba kinachotolewa ni kitambaa tu. Mgeni aliyeelezwa maneno hayo mawili na mtu aliyewahi kuyapokea atakuwa ameelewa jambo kuhusu uhifadhi ambalo mivuko kumi ya nyumbu haiwezi kumfundisha. Ndivyo ilivyo pia kwa mivutano ya vigingi vya mpaka katika vijiji vya Tarime vinavyopakana na hifadhi. Si lazima achukue upande wowote. Inatosha ajue kwamba mstari ule wa kijani kwenye ramani ya kambi yake una watu wanaoamka nao kila siku.

Nitaambiwa kwamba kushuka ndiko kunakoharibu. Julai 2025 video iliyozunguka dunia ilionyesha wageni wameteremka kwenye magari kandokando ya Mto Mara, wakawa ukuta mbele ya nyumbu waliotaka kupita. Hasira iliyofuata ilikuwa halali. Kanuni za hifadhi zinakataza mtu kutoka garini isipokuwa mahali palipotengwa, na katazo hilo linalinda wanyama na wageni pia. Lakini nikiitazama video ile sioni watu waliozidisha kushuka. Naona watu ambao safari yao yote imewekwa juu ya tukio moja. Wameahidiwa mvuko, wana asubuhi mbili za kuupata, na hakuna kingine katika ratiba kitakachowafariji wakiukosa. Kiu yote ikielekezwa kwenye tone moja, watu watasukumana. Mgeni ambaye mchana wake una mahali pengine pa kwenda, penye sura na majina, anaweza kumsubiri nyumbu kwa adabu. Au akakubali kumkosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nalihofia mwenyewe: kwamba gari likisimama kijijini, watu wa Tarime na Serengeti watageuzwa kuwa wanyama wa pili wa kupigwa picha. Tumeyaona hayo kwingine. Watoto huacha masomo kukimbilia gari lenye pipi, na ngoma ya jando huchezwa mwezi usio wake kwa sababu kuna kundi limelipia. Wakurya wa Tarime hasa wana mila ambazo watu wa nje hupenda kuzizungumzia kwa kunong'ona, na ingekuwa aibu kuzifanya bidhaa. Kwa hiyo mimi sitetei kila kituo. Natetea kituo ambacho mwenyeji amekipanga mwenyewe: yeye ndiye anayeamua saa, njia, kinachoonyeshwa na kinachofichwa, na bei. Mto wa Mbu, bondeni Manyara, umefanya hivyo tangu miaka ya 1990. Magari yaendayo Ngorongoro na Serengeti hupita pale, na wageni huteremka kwa saa mbili tatu, wakaongozwa na vijana wa pale pale kupita migombani, kwenye mashamba ya mpunga na kwa wachongaji. Kijiji hakikuomba watu waache safari zao. Kiliomba wasimame tu njiani. Mwenyeji akiwa ndiye mwenye ratiba, mgeni hulazimika kutenda kama mgeni: hubisha hodi.

Wapo pia watakaosema kwamba fedha inafika vijijini kwa njia nyingine, kwa nini basi tusumbuane na salamu. Ni kweli inafika. Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori la Ikona linaviunganisha Robanda, Nata-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti, na vijiji hivyo hupata sehemu ya mapato ya kambi na uwindaji katika ardhi yao. Mpango wa ujirani mwema wa hifadhi za taifa nao umejenga madarasa na zahanati sehemu mbalimbali. Sitaki kuyapunguza hayo. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone haikuwa methali ya mgao wa mapato. Mwenyeji anapona pia kwa sababu siku mgeni anapokuja nyumba hufagiwa, hadithi husimuliwa upya, na mtoto husikia babu yake akiulizwa jambo na mtu aliyetoka mbali ambaye anataka kweli kujua jibu. Kijana wa Mugumu anayeona magari yakimpita kila siku, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, anajifunza kwamba chenye thamani katika wilaya yake kina miguu minne. Hundi ya kijiji haiwezi kumfundisha kinyume chake.

Sehemu ya kosa ni yetu wenyewe. Mwananchi wa Mwanza au Musoma akiingia kupitia lango la Ndabaka kwa basi la shule au la kanisa, naye hukimbizana na saa za kibali chake, akarudi na picha za simba bila kumjua Mwikoma hata mmoja. Barabara ya Makutano–Butiama–Nata–Mugumu imejengwa kwa vipande kwa miaka mingi, na tumekuwa tukiipigia hesabu kama njia ya kufikia hifadhi tu, ilhali inapita Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kisha inaingia katikati ya nchi ya Wanata na Waikoma. Kila Septemba 15 Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara, na hotuba husomwa kuhusu mto unaoanzia misitu ya Mau na kumwagika Ziwa Victoria baada ya Daraja la Kirumi. Ni siku moja. Siku nyingine zote mto huo unasimuliwa kama jukwaa la mamba na nyumbu, na wavuvi na wafugaji wa kule chini hawatajwi.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko tunavyodhani. Magari mengi yatokayo hifadhini kwa lango la Ikoma huipita Robanda. Panatosha kivuli cha mti, benchi, choo safi, na kamati ya kijiji yenye daftari la zamu ili mapato yasiishie kwa mtu mmoja. Saa moja itamtosha mgeni kuteremka, kunywa kikombe cha kahawa iliyolimwa milimani Tarime, kumsikiliza mpiga litungu akigusa nyuzi zake nane kwa wimbo alioutaka yeye, na kumuuliza mwenye shamba la jirani tembo walipita lini mara ya mwisho.